Ukurasa wa Zeituni Kumi na Moja

Jumamosi, 8 Novemba

Sasa hivi Shahd amenivua pembe kidoleni akaivaa yeye. Nilikuwa nimeketi kizingitini napumzisha mgongo, mkono umelala pajani, vidole vitatu bado vina pembe za mbuzi tunazochania matawi ili zeituni zianguke. Akajiburura kwa makalio mpaka kwangu, akavuta, akavuta, mpaka ile ya kidole cha shahada ikachomoka. Kidole chake cha mkono wa kulia, kile kilichojikunja ambacho hakijanyooka tangu alipozaliwa, kikaingia mle ndani sawasawa, utadhani pembe ilikatwa kwa kipimo chake. Kisha akamgeukia bibi yake akaanza kumchana ushungi.

"Najiba!" mama mkwe wangu, Mama Tibra, akapiga kelele. "Huyu mwanao kanifanya mimi mti!"

Tumecheka mpaka Mannubia wa nyumba ya pili akachungulia ukutani kuuliza nani kaolewa.

Daftari hili nilimnunulia Shahd. Nilidhani mwaka huu angeanza chekechea, mwalimu akasema tusubiri mwakani. Mimi mwenyewe niliishia darasa la sita, lakini mwandiko wangu ulikuwa unasifiwa. Basi kurasa zisikae bure, nitaandika msimu huu wa zeituni, na siku atakapojua kusoma atausoma.

Ili ajue: ana miaka mitano. Alikawia kulia alipozaliwa, na tangu hapo miguu na mkono wa kulia hukaza kama kamba iliyolowa. Kadi yake inasema ulemavu mkubwa. Kwa kadi hiyo anapata posho ya kila mwezi, na Jumatatu na Alhamisi nampeleka mjini kwenye kituo cha mazoezi bila kulipa. Posho inatulipia gari, nepi, na viatu vyake vya chuma. Kabla ya mazoezi alikuwa hawezi hata kuketi. Sasa anasimama. Husimama pumzi tatu, nne, kisha huanguka mikononi mwangu.

Kadi inaisha mwezi huu. Alhamisi tunaitwa mbele ya kamati wampime upya. Mama Tibra ameshalitoa gauni jekundu la Idi.


Jumatatu, 10 Novemba

Upepo. Nyavu zimepeperuka chini ya miti mara tatu.


Alhamisi, 13 Novemba

Tumerudi, na moyo wangu mweupe.

Daktari wa kamati ni mtu mzima, mpole, ana miwani ya kamba. Shahd alikuwa na gauni jekundu, nywele nimemsuka mikia miwili, viatu nimevipiga rangi. Mama Tibra alivaa lile vazi lake la harusi za watu.

"Labas?" daktari akauliza. "Hali ya mtoto ikoje?"

"Labas, labas, alhamdulillah," tukajibu wote wawili kwa pamoja, hakuna baya, kama tunavyomjibu kila anayetuamkua.

"Anakula mwenyewe?"

"Anakula vizuri, Mungu ashukuriwe."

"Kuvaa?"

"Unamwona, daktari," Mama Tibra akasema, "si kama bi harusi?"

"Anatembea?"

Hapo Mama Tibra hakungoja. "Najiba, msimamishe! Mwonyeshe daktari!" Nikamshika kwapani, nikamwachia. Akasimama. Daktari akamnyooshea peremende kutoka upande wa pili wa meza, na mwanangu, Mungu wangu, akapiga hatua mbili. Mbili! Hajawahi. Kisha nikamdaka. Daktari akapiga makofi, karani akasema mashaallah, Mama Tibra akapiga kigelegele humohumo ofisini. Haikuchukua hata dakika kumi.

Tukanunua keki za tende njiani. Nimempigia mume wangu Lazhar huko mji wa Sfaksi anakojenga, nikasikia analia juu ya jengo, na wenzake wakimuuliza amekufa nani.


Jumatano, 19 Novemba

Miti ya upande wa kaskazini imebeba. Mama Tibra hataki kusikia habari za vichanio vya plastiki. Anasema plastiki inaumiza mti, pembe inaubembeleza.


Jumanne, 25 Novemba

Baridi asubuhi. Shahd ana mafua.


Jumanne, 2 Desemba

Leo omda, mkuu wa kijiji, amekuja na bahasha. Tulikuwa chini ya mti wa mwisho, mimi juu ya ngazi. Huku kwetu bahasha ya serikali haifunguliwi na mwenyewe. Omda ndiye huifungua akaisoma, nasi tunasikiliza tumesimama, mikono imekunjwa kama msikitini.

Akasoma. Kamati imempima mtoto, imeona kiwango cha ulemavu ni kidogo. Kadi itabadilishwa. Posho itakoma mwisho wa mwezi huu, na nafasi yake kwenye kituo cha mazoezi atapewa mwingine mwenye kuhitaji zaidi.

"Kidogo?" nikauliza.

"Kidogo," akasema omda. "Ni habari njema hiyo, bibi. Wengine wanaomba wapate kidogo."

"Kidogo vipi, omda? Hawezi kwenda chooni!"

"Serikali ikishasema imesema." Akaikunja karatasi kama ilivyokuwa, akaninyooshea palepale juu ya ngazi, akaomba maji ya kunywa.

Nilishuka. Sikumbuki nilivyoshuka. Shahd alikuwa ndani ya kreti la zeituni, ndimo huwa namkalisha ili asianguke, anajirushia matunda usoni na kuchekea kila moja linalompiga. Nikajiuliza kidogo ni kipi. Mguu mmoja? Nusu ya mkono?

Tulipofika nyumbani Mama Tibra alifunga mlango kwanza. Kisha akasema, "Tumshukuru Mungu hata kwa hili. Usiseme sana, majirani wasijue."

Nimempigia Lazhar. Ameniambia, Mungu atafungua mlango. Nikamwambia mlango nauona, ndio huu unaofungwa. Kisha nikaona aibu.

Bila mazoezi miguu hurudi kukaza. Mwaka juzi mtaalamu alipokwenda likizo wiki tatu, tulianza upya kumfundisha kuketi. Kila hatua aliyopiga mbele ya yule daktari ilitokana na posho hiyo hiyo. Amesimama, kwa hiyo wanaondoa kilichomsimamisha. Nalizungusha hili kichwani, sipati pa kuliweka.


Jumatano, 3 Desemba

Nimeangusha ngazi. Hakuna aliyeumia.


Alhamisi, 4 Desemba

Mazoezi. Sijamwambia mtaalamu. Nimemwambia labas.


Jumamosi, 6 Desemba

Nimepeleka magunia sita kinuni kukamuliwa mafuta. Mlangoni, kwenye mizani, hukaa Ami Hattab. Mguu wake mmoja ulimezwa na kinu cha zamani miaka ishirini iliyopita, na tangu hapo amefika mbele ya kamati zaidi ya mara alizokwenda hamamu, ndivyo asemavyo mwenyewe. Ulimi wake hauna mfupa wala breki.

"Najiba, sura hiyo ya nani? Zeituni zako nzuri, sura ndiyo imeoza."

"Labas, Ami."

"Labas, labas! Hata maiti wa kijiji hiki wakiulizwa na Munkari na Nakiri watajibu labas. Sema."

Sijui kwa nini nilimpa ile karatasi. Labda kwa sababu hakunionea huruma. Akaisoma upande wa mbele, midomo ikichezacheza.

"Nani alikusomea?"

"Omda."

"Aliigeuza?"

"Kuigeuza vipi?"

Akaigeuza. Nyuma kuna maandishi madogo, rangi ya majivu. Nimekaa na karatasi ile siku nne, sikujua hata kama ina mgongo. "Soma mwenyewe," akaniambia. "Wewe si una shule?" Nikasoma, polepole, watu wakipita na magunia yao. Asiyeridhika na uamuzi ana siku sitini tangu kuupokea kuandika malalamiko. Ana haki ya kuelezwa sababu. Ana haki ya kuliona faili lake. Ana haki ya kupimwa tena na madaktari wengine, na kuja na mtu wa kumsemea.

"Na mimi nimngoje omda anisomee hayo?"

"Omda husoma upande usiomletea kazi," Ami Hattab akasema. "Sasa nieleze. Walikuuliza nini, ukajibu nini?"

Nikamweleza. Gauni, peremende, labas, hatua mbili, kigelegele. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akagonga gongo lake chini.

"Ewe mtoto wa watu! Umempokea daktari kama mgeni wa posa! Alikuuliza hali, wewe ukamwamkua. Yule hakuja kukusalimu, alikuja kuandika. Ukimwambia labas, anaandika labas."

"Nilalamike juu ya mwanangu mbele ya watu? Si kumkufuru Mungu?"

"Mungu anajua, huna haja ya kumwambia. Daktari hajui. Mficha uchi hazai, Najiba. Wanauliza Shahd anafanya nini peke yake, wewe umewaonyesha Shahd anafanya nini akiwa na Najiba. Hao ni watu wawili, na kadi ni ya mmoja."

Kisha akaniambia la mwisho, nami nataka kulishika. "Usiende kuomba. Hii si zaka. Ni haki yake, ina jina lake juu. Una daftari? Andika siku zake. Kila kitu, na inachukua muda gani, na mkono wa nani ulikuwapo."


Jumapili, 7 Desemba

Kuvaa: dakika thelathini na tano, mikono yangu. Soksi ya kulia peke yake dakika kumi, vidole vimejikunja ndani. Chai na mkate: nimemshikia kila tonge, amepaliwa mara mbili. Choo: nimembeba mara nne, mara mbili nimechelewa. Nimemtoka dakika moja kuchota maji, nikamkuta ameanguka ubavu kwenye zulia na hawezi kujigeuza, anacheka.


Jumatatu, 8 Desemba

Kuvaa: dakika arobaini. Amepaliwa mara moja. Choo mara tano.


Jumanne, 9 Desemba

Kuvaa: dakika thelathini. Amepaliwa mara tatu. Usiku wa kuamkia leo mguu ulimkaza akaamka analia. Nilikuwa nayajua haya yote. Sikuwa nimewahi kuyaona yamekaa mstari mmoja.


Alhamisi, 11 Desemba

Nimepeleka malalamiko. Nimeyaandika mwenyewe, ukurasa mmoja. Ami Hattab akafuta neno "naomba huruma" mara tatu, na mara tatu likarudi lenyewe.

Karani wa ofisi akasema, "Weka hapo, nenda." Nikamwambia nataka nakala yangu ipigwe muhuri na tarehe. Akanitazama kama nimemwomba figo. Nikabaki palepale. Akapiga muhuri.

Kisha nikasema nataka kuliona faili. Nikapelekwa kwa afisa ustawi, Bi Raudha, mwanamke wa makamo mwenye skafu ya manjano na mafaili mpaka kwenye kiti cha wageni. Nilidhani atanifukuza. Akahamisha mafaili, akanikalisha, akamtafuta Shahd.

Karatasi ilikuwa moja tu. Nimeinakili neno kwa neno: "Mtoto nadhifu, mchangamfu. Anakula na kuvaa kwa kauli ya mama. Ametembea mbele ya kamati bila msaada. Hali kwa jumla: nzuri, kwa kauli ya mama na bibi."

Kwa kauli ya mama.

Nilikuwa nimekuja na hasira ya kumrushia mtu, nikakuta kalamu iliandika maneno yangu. Hakuna aliyesema uongo, hata yule daktari mpole. Mwanangu nimempokonya kituo kwa ulimi wangu mwenyewe, nikiwa nimevaa vizuri.

Bi Raudha akaniona. Akafunga mlango kwa mguu. "Dada," akasema, "unajua ni mama wangapi kwenye makabati haya wamesema labas? Nina kabati zima la labas." Akanipa karatasi ya kujipangusia. "Kamati itakuwa ya madaktari wengine. Lete ripoti ya mtaalamu wa mazoezi, na lete hilo daftari. Lakini liwe la kweli. Wanajua kunusa."


Jumapili, 14 Desemba

Kuvaa: dakika thelathini na tano. Nimegombana na Mama Tibra.

Alinikuta naandika wakati Shahd anakula. Hajui kusoma, lakini aliona namtazama mtoto, naandika, namtazama, naandika.

"Unamhesabia nini?"

"Mara alizopaliwa, Mama."

"Malaika wa kushoto ndiye anayeandika mabaya ya mtu. Wewe umeajiriwa lini?"

"Si mabaya, Mama. Ndivyo alivyo."

"Ndivyo alivyo! Mimi nimezika waume wawili na sijampa mtu siri ya nyumba yangu. Kesho watu wa mjini watausoma uchi wa mjukuu wangu kwa miwani." Akainuka akaenda kulala, kuku wakiwa bado uani.

Nilimwona katili. Nimekasirika mpaka sasa, kalamu inatoboa karatasi.


Jumamosi, 20 Desemba

Mvua siku tatu. Hatuchumi. Zeituni zinaanguka zenyewe matopeni na sisi tumefungiwa chumba kimoja, hatusemezani. Shahd anatusemesha sote wawili kwa zamu.


Jumamosi, 27 Desemba

Leo jua. Na leo jambo.

Nilimkalisha Shahd ndani ya kreti chini ya mti mfupi, ule wa kisimani ambao matawi yake yanagusa ardhi. Akanidai pembe. Nikamvika kwenye kile kidole kilichopinda. Akauinua mkono, ule wa kulia, ule ambao mtaalamu anaubembeleza miaka miwili ufunguke, akauburuza juu ya kitawi. Tunda likaanguka mapajani mwake. Akalitazama, akanitazama. Akaburuza tena.

Amechuma zeituni kumi na moja. Imechukua tangu nilipoanza mti wa pili hadi adhana ya adhuhuri, na mkono ulikuwa unatetemeka, jasho limemlowesha nywele. Nilipotaka kumsaidia akanirushia moja usoni.

Nimezitia kwenye kikombe peke yake. Sijui kama napaswa kulia kwa furaha au kukificha kikombe kamati isikione.


Jumatatu, 29 Desemba

Jana nilimsimulia Mannubia. Bora ningeukata ulimi.

"Umeandika?" akauliza.

"Nimeandika."

"Wewe mwehu! Chana! Wakisoma mtoto anachuma zeituni watakwambia aende akalipwe kibarua! Tena siku hiyo usimvishe viatu vya chuma, mlegeze, mwambie asicheke."

"Hajui kutocheka, Mannubia."

"Basi mfinye."

Tulicheka, lakini usiku nimewaza. Na leo asubuhi nimeuchana ukurasa ule. Sikuweza kuutupa. Nimeukunja mdogo mdogo nikauchomeka ndani ya pembe kubwa, ile ya dole gumba, nikaitundika msumarini.

(Baadaye. Nimemfundisha Shahd alegee. Nimemwambia, jifanye gunia. Akajifanya gunia, akacheka. Nikamwambia gunia halicheki. Akaniuliza, "Gunia lina huzuni?" Nimeacha.)


Ijumaa, 2 Januari

Posho haikuingia. Kituo wamesema Jumatatu tusije mpaka uamuzi mpya.


Jumatano, 7 Januari

Kuvaa: dakika hamsini. Miguu imeanza kukaza.


Jumamosi, 10 Januari

Zetu zimekwisha, na nauli ya mjini lazima ipatikane, kwa hiyo leo nimeenda kuchuma kwa watu, shamba la ng'ambo ya barabara. Mara ya kwanza kumwacha Shahd na Mama Tibra kutwa nzima. Aliniambia, "Nimelea watano, nenda."

Nimerudi kwenye alasiri. Mama Tibra alikuwa chini, sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Uji wa shayiri ulikuwa kwenye ushungi wake, kwenye zulia, kwenye nyusi. Shahd amelala kifuani pake. Sijawahi kumwona mwanamke yule ameketi mchana.

"Kijiko kimoja, Najiba," akasema bila kuamkuana. "Kijiko kimoja kinachukua kama rakaa mbili. Alipopaliwa nilidhani kafa mkononi mwangu."

"Huwa hivyo, Mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Nikaanza kumpangusa uji nyusini. Alikuwa shambani, jikoni, kwa majirani. Alikuwa anamwona Shahd akiwa ameshavishwa, ameshalishwa, amesukwa, analetwa kama sahani kwa mgeni. Hata yeye mimi nilimwambia labas. Nimekuwa nikimwita katili moyoni, kumbe mtu hawezi kuona ulichomficha.

Akaniambia kitu kingine. Shahd alikuwa akililia pembe, basi akaitungua ile ya msumarini ampe, akakuta karatasi ndani. "Nikadhani umemwandikia hirizi. Ni ya nini?"

Nikamsomea. Pembe, kreti, mkono wa kulia, kumi na moja, adhana. Nilisoma huku nimetazama chini.

"Na umeuchana kwa nini?"

"Wasione kwamba anaweza."

Akaunyoosha ukurasa juu ya goti lake. Kisha akamlaza Shahd, akaenda kwenye kapu la nyavu, akarudi na sindano kubwa na uzi wa buluu tunaoshonea nyavu zilizotoboka. Akalipapasa daftari langu mpaka akaupata mshono palipotoka ukurasa, akauliza tu, "Hapa?"

"Hapa."

Akashona. Mishono saba, mikubwa, kama anashona gunia. Akakata uzi kwa meno.

"Waandikie akipaliwa, waandikie akichuma," akasema. "Lakini usinichanie mjukuu wangu."


Jumapili, 11 Januari

Kuvaa: dakika arobaini na tano, mikono ya Mama Tibra. Ameniambia niandike hivyo, jina lake lote, Tibra binti Amara.


Alhamisi, 15 Januari

Ami Hattab amepiga kopi daftari zima kwenye mashine ya kinu, na mafuta ya zeituni yakaingia kwenye kurasa mbili. Nikamwuliza kama ule wa kumi na moja utatuponza. Akasema, "Karatasi inayolia tu haiaminiwi. Na wakisema kuchuma kumi na moja kwa asubuhi nzima ni kazi, niite, nitawapeleka wote shambani nikawapime mimi."


Jumatatu, 19 Januari

Baridi. Ripoti ya mtaalamu nimeipata. Shahd anauliza kwa nini hatuendi kwa mjomba wa mipira, ndivyo anavyomwita mtaalamu.


Alhamisi, 22 Januari

Naandika nimeketi kwenye benchi, ukumbini, nje ya mlango wa kamati. Siku ya hamsini na moja tangu bahasha. Mbele yetu wamebaki wawili: mzee kipofu na mwanawe, na kijana wa magongo.

Hatukumvisha jekundu. Amevaa suruali ya kila siku, ile yenye viraka magotini kwa ajili ya kujiburura, na viatu vya chuma. Nywele nimemsuka, hilo sikuweza kuliacha. Ana pembe kidoleni. Nilitaka kuiacha nyumbani, akaninyima kidole.

Mama Tibra hajafunga mdomo tangu alfajiri, anafanya mazoezi. "Akiniuliza hali, nisemeje?"

"Sema kweli, Mama."

"Ulimi unakwenda wenyewe, Najiba. Miaka sabini na mmoja umezoea njia moja."

Karani ametoka, amemwita mzee kipofu. Bado si sisi.

Nimefungua daftari nimelisoma tangu mwanzo kupitisha muda. Ajabu, nilianza ili Shahd asome siku moja, na sasa watakaolisoma kwanza ni watu nisiowajua. Ninaogopa. Wakikataa, ngazi inayobaki ni mahakama, na Bi Raudha amesema atanionyesha mlango wake, nami nikamwambia basi nionyeshe. Mwezi wa kumi na moja nisingesema hivyo. Lakini miguu ya Shahd haijui mahakama. Inakaza kila siku, leo kumvisha kumechukua saa nzima.

Kijana wa magongo ameitwa.

Sasa hivi, sasa hivi hapa, daktari mwanamke kijana ametoka kuchukua faili, akamwona Mama Tibra, akainama kwa heshima kama mtoto aliyelelewa, akasema, "Labas, Mama?"

Kalamu yangu ikasimama.

Mama Tibra akafungua mdomo. Nikaliona lile neno linapanda. Akalimeza. Akasema, "Hapana, binti yangu. Mungu namshukuru, lakini si labas. Mjukuu wangu hawezi kujigeuza akianguka, na mimi nimechelewa miaka mitano kulisema."

Watu wakageuka. Mwanamke mmoja mwisho wa benchi, mwenye mtoto mgongoni, akasema kwa sauti ndogo, "Wala kwetu si labas." Daktari amesimama, faili kifuani, hakucheka, hakuandika. Shahd akanyoosha mkono wa kulia, mkono ule, akamchana ncha ya koti jeupe kwa pembe. Daktari akamwuliza, "Wewe unafanya nini?" Akajibu, "Nachuma."

Daktari amemtazama muda mrefu. Akasema, "Mama, hayo uliyoniambia, uje uyaseme tena ndani. Na hili la kuchuma mje mnieleze."

Ameingia. Mama Tibra amenishika goti. Mimi kichwa kimetulia, nimeshajua nitakavyosema. Nitawafungulia kwanza ukurasa ulioshonwa, waone uzi. Nitawaambia ndiyo, anaweza, na kwamba kila anachoweza kina mikono ya watu chini yake, na mikono hiyo ikiondolewa

Karani anaita jina la Shahd, Mama Tibra ananivuta, inuka, Najiba, weka kalamu, ni sisi, lakini nataka niwahi kuandika kwamba amejishika kwenye benchi mwenyewe, hakuna aliyemshika, na amesimama, na